Kakao Mgongoni mwa Gérard

Alhamisi asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, Godelive alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya mgahawa wake wa mtaa wa Mususa, mjini Butembo, akisugua mahindi kwenye beseni. Yalikuwa yamechemshwa na majivu tangu jana yake, na sasa maganda yalikuwa yakitoka kwa vidole tu na kuelea juu ya maji. Majivu ya mkaratusi hufanya kazi vizuri. Ukitia majivu ya mbao zilizopakwa rangi, wateja wataharisha na jina lako litaharibika mpaka Lubero. Hayo Godelive aliyajua kwa kujaribu.

Mtaa ulimcheka alipofungua. Walisema mama huyu kaenda mpaka Mexique, kule Amerika, kujifunza kuunguza mahindi, kazi ambayo wanawake wa Butembo wanaifanya bila pasipoti. Kisha wakaja kuonja, na walioonja wakarudi. Alikuwa akipika mchuzi mweusi unaoitwa mole: pilipili zilizokaangwa kavu mpaka nyumba nzima inakohoa, karanga, ufuta, ndizi mbivu, kitunguu, na mwisho kakao iliyosagwa, bila hata chembe ya sukari. Humwagwa juu ya kuku na kuliwa na chapati nyembamba za yale mahindi ya majivu. Wateja waliupenda mchuzi, chapati wakazikataa. "Mutu atashiba na karatasi?" aliuliza fundi mmoja wa viatu, naye akaletewa bugali. Siku moja Mzungu wa shirika fulani, aliyewahi kwenda Cancún ya Mexique kuota jua, alimweleza Godelive kwa upole kwamba hiyo si mole halisi. Godelive alimwondolea sahani. Yeye alikuwa ameifikia mole kwa miguu.

Yeye na mumewe Edmond walikuwa na shamba la kakao upande wa Beni, hekta tatu, walizozipanda wenyewe mti kwa mti. Kila mti Edmond aliuchonga alama kwa panga, mistari miwili na mmoja unaoikata, ili mtu asije akabisha. Wauaji wa msituni walipoanza kuingia mashambani, mume na mke waliamua kwamba mmoja atangulie nje akatafute pa kuishi. Edmond alisema Godelive ndiye mwenye kichwa cha lugha. Basi Godelive akapanda ndege Entebbe, akashuka Brazil, akapanda mabasi mpaka hesabu ikampotea, akauvuka kwa miguu, siku sita, ule msitu ulio kati ya Kolombia na Panama, na mwishowe akakwama Tapachula, mji wa kusini kabisa mwa Mexique, akingoja karatasi ya kuendelea mbele. Alingoja miezi kumi na minne. Aliosha vyombo kwa mama mmoja aitwaye Doña Chabela, mkali wa mdomo, ambaye taratibu alimpandisha kutoka kwenye vyombo hadi kwenye sufuria. Huko nako waliandamana. Wakongomani, Wahaiti na Wahondurasi walitembea na watoto mabegani mpaka mlango wa ofisi, wakaimba juani siku nzima. Jioni ofisa alitoka, akawagawia maji ya chupa na namba mpya za foleni.

Mwezi wa kumi na nne simu ilipigwa kutoka Beni. Edmond alikuwa ameingia shambani kuvuna na hakutoka. Wale waliomnyima Godelive karatasi ya kwenda mbele muda wote ule walimpa ya kurudi nyuma ndani ya siku tatu.

Alipofika, mwili ulikuwa haujapatikana, maana hakuna aliyethubutu kwenda kuutafuta. Lakini kakao ilikuwa inavunwa. Mnunuzi mmoja wa Beni aitwaye Gérard alikuwa amepata karatasi ya ofisi ya serikali ya kuyalinda mashamba ya watu waliokimbia au kufa, na kuyalinda kwake ndiko kuyavuna. Watu wake walikuwa na bunduki, wakiingia pale ambapo wenye mashamba hawakuweza kukanyaga. Godelive alitaka shamba lake. Na kama shamba haliwezekani, basi alitaka Gérard aumie. Alimchukia kila siku, asubuhi akiwasha moto na jioni akiuzima, wala hakuona haya.

Alhamisi hiyo Solange aliingia kwa mlango wa nyuma. Solange alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa akina mama waliopoteza mashamba, ndiye aliyewaandikia mémo, yaani barua za madai. Kipaza sauti chake alikibeba ndani ya kikapu cha sokoni, chini ya majani ya sombe.

"Kesho tuko naenda Beni," alisema. "Tutaweka mémo kule ku bureau."

"Hii ni ya ngapi?"

"Ya kumi na moja."

"Na zile kumi?"

"Balizipokea zote," alisema Solange, akachota mole kwa kidole. "Mama, leo umeongeza pilipili."

Ijumaa walipanda pikipiki wakashuka Beni, kwenye joto. Sasa, kwa watu wa kule, ukimsindikiza maiti unabeba tawi bichi mkononi, na mkifika kaburini kila mtu anatupa lake, ili msiba ubaki pale usimfuate mtu nyumbani. Siku za maandamano watu hubeba matawi hayohayo. Kwa kawaida ni mkaratusi. Lakini akina mama wale walikusanyika kando ya mashamba yao wenyewe, mahali ambapo kakao imeinama juu ya njia, wakakata kakao. Mlinzi wa Gérard aliwatazama akaona hawagusi matunda. "Majani chukueni," alisema, "hayana kazi." Godelive alikata lake kwenye mti wenye mistari miwili na mmoja unaoikata.

Walitembea wakiimba nyimbo za kanisani, kwa sababu hizo ndizo kila mtu anazijua maneno yake. Polisi walisimama kivulini. Kwenye ofisi karani alitoka, akapokea mémo kwa mikono miwili, akaipiga muhuri, akaweka sahihi, akampa Solange nakala. Yote yalichukua dakika nne. Kisha akina mama wakabaki wamesimama uani, matawi mikononi, na hakuna aliyejua ayapeleke wapi. Makaburi hayakuwapo. Waliokufa walikuwa bado wamelala msituni.

Hapo ndipo Gérard alipotoka kwenye mlango uleule, ameshika bahasha mpya. Alikuwa mtu wa heshima, mwimbaji wa kwaya, mnene kiasi. Aliwasalimia. Aliinama kufungua mlango wa gari, na Godelive akalitupa tawi lake likampiga mgongoni. Wengine nao wakatupa yao, kama mia hivi. Jiwe halikurushwa hata moja. Gérard alijikung'uta majani, akasema, "Pole sana, bamama," akaingia garini akaondoka.

Njiani kurudi, mwanamke mmoja mzee alikuwa amenuna. "Mumetupia mutu muzima matawi ya maiti," alisema. "Sasa yeye njo kaburi." Kaburi, yaani, lilikuwa Gérard. Kosa lilikuwa limeshafanyika.

Wiki ya tatu Gérard alichipua vijiua kwenye uti wa mgongo, vidogo, vyeupe, vyenye wekundu kidogo katikati, jinsi kakao inavyochanua kwenye shina lake. Mkewe Florentine, aliyekuwa akimpaka mafuta, aliviona wa kwanza. Alimwambia asiegemee kiti. Muuguzi wa kituo cha afya aliandika kwenye daftari "kakao, mgongo", akampa paracetamol. Matunda yalifuata kwa wakati wake, kumi na saba kwa jumla, kila moja la ukubwa wa yai la bata, ya kijani kwanza, kisha ya manjano. Fundi cherehani alimshonea mashati yaliyoachwa wazi kwa nyuma. Daktari mmoja alijaribu kukata na kisu chake kikapinda. Wachungaji watatu waliomba kwa zamu, na matunda yakazidi kuiva.

Na kila tunda, kwenye ganda lake, lilikuwa na mistari miwili na mmoja unaoikata. Beni nzima iliijua alama ya Edmond. Gérard mwenyewe hakukana. Alipoulizwa na wanakwaya wenzake alisema, "Ni alama ya marehemu, ndiyo," akafungua kitabu cha nyimbo.

Solange alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. "Sasa iko wazi, mama," alimwambia Godelive. "Batu bote banaona. Batasema nini tena?" Alipiga picha kanisani, kwa nyuma, akaziambatanisha na mémo ya kumi na mbili, nayo ikapokelewa. Safari hii hata jibu lilikuja, ukurasa mzima. Lilisema kwamba ofisi imeziona picha na imeridhika kuwa ni za kweli. Lilisema pia kwamba mgongo wa raia si daftari la ardhi.

Florentine ndiye aliyelimaliza jambo. Alikuwa mwanamke mwenye akili zake. "Enda kwa mwenyewe," alimwambia mumewe. "Tawi ya kwanza ilitoka mu mukono ya nani?"

Ijumaa moja, karibu na saa sita mchana, gari la Gérard lilisimama mbele ya mgahawa. Meza zote nne zilikuwa zimejaa. Gérard aliingia ameinama mbele kwa uzito, akavua kofia, akasubiri mpaka Godelive amalize kumpakulia fundi wa viatu.

"Mama Godelive," alisema, "nakuomba unitoshe hii bintu ku mugongo. Sina namna ya kulala."

Godelive alikuwa ameingoja siku ile tangu aliporudi kutoka Tapachula, na sasa ilikuwa imeingia yenyewe kwa mlango wa mbele. Alipangusa mikono. "Rudisha shamba."

"Ile hapana."

"Basi bakia nayo."

Alirudi Ijumaa ya pili, na ya tatu, kila mara ameinama zaidi. Ijumaa ya nne Godelive alimwonea kinyaa zaidi ya hasira. Alimwonyesha meza ya pembeni, akamwambia avue shati alale kifudifudi. Akachukua kisu chake kidogo cha vitunguu, akalishika tunda la juu kabisa, karibu na shingo. Kisu hakikupita.

"Gérard," alisema. "Shamba ni ya nani?"

Jasho lilimtoka Gérard likaingia machoni. Mgahawani vidole vilisimama kwenye mabakuli.

"Ni ya Edmond," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini, na kikonyo kikakatika kama siagi. Tunda likabaki mkononi mwa Godelive, la moto kidogo.

Alimuuliza mara kumi na saba. Mara kumi na saba Gérard alijibu, na kufikia la sita alikuwa analia. Alisema shamba ni la Edmond mbele ya fundi wa viatu, mbele ya wauza nguo, mbele ya watu kumi na wanne wenye masikio. Godelive alisikia raha. Tusifichane, ilikuwa raha ya kweli, ya tumboni, na usiku ule alilala kama mtoto aliyenyonya. Solange, aliyekuwa miongoni mwa wale kumi na wanne, alikuwa amerekodi kila neno kwenye simu. Alifanya hiyo kuwa mémo ya kumi na tatu. Karani aliisikiliza yote, akitikisa kichwa kwa huzuni mahali panapostahili, akaipiga muhuri. Akasema hakuna anayebisha kwamba bwana yule amesema kweli. Ila karatasi ya ulinzi haikusema lolote kuhusu kweli, na muda wake ulikuwa haujaisha.

Kakao ya shambani hungoja miezi. Ya mgongoni, tangu ilipokatwa mara ya kwanza, ilizaa kila wiki. Kwa hiyo Gérard akawa mtu wa Ijumaa. Alitoka Beni asubuhi, akamaliza shughuli zake za Butembo, akaja kulala kwenye meza ya pembeni. Ijumaa ya pili alilia mpaka la kumi. Ya tatu hakulia. Ya tano alikuwa amejua hesabu, akawa anajibu kabla hajaulizwa. Ya nane alikuja na simu mbili.

"Ya Edmond," alisema, na moja likatoka. "Ya Edmond. Allô? Ndiyo, leta ba camions mbili ya kubebea, ile upande wa chini hatujavuna. Ya Edmond. Hapana, mais non, mbili. Ya Edmond."

Upande wa chini ndiko Edmond alikopanda miche ya mwisho, mwaka Godelive alipoondoka. Mkono wake ulisimama na kisu juu ya mgongo wa yule mtu. Wateja walikuwa wanakula. Walikwisha kuzoea, na mmoja alimwomba Godelive asogee kidogo maana anamzibia mwanga.

Alipomaliza kuvaa, Gérard aliyatazama matunda kumi na saba ndani ya beseni. "Bakia nazo, mama," alisema, kama kila wiki. "Ni zako." Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Kisha akaagiza sahani ya mole, iliyopikwa kwa kakao ya Ijumaa iliyopita, akaila yote, akaifuta sahani kwa kipande cha bugali, akamwambia kwamba safari hii imekolea kuliko zote. Gari likaondoka. Godelive aliiosha sahani ile mwenyewe, akaiosha mara ya pili.

"Maji ya moto haichome nyumba," alimwambia Solange, aliyekuwa anaandika mémo ya kumi na tisa kwenye meza ya katikati.

"Lakini anasema kweli, mama. Kila wiki anasema."

"Anasema. Na inamusaidia nini Edmond?"

Solange alirudi kwenye karatasi yake.

Kuna jambo Edmond alikuwa mkali nalo. Tunda la kakao hukatwa kwa kisu, karibu na ganda, na kikonyo kinaachwa. Mvunaji mvivu hulishika kwa mkono akalizungusha mpaka ling'oke, na likitoka hivyo linatoka na ngozi ya mti. Pale palipong'oka hapachanui tena maisha. Edmond aliwahi kumfukuza kibarua kwa kosa hilo.

Ijumaa ya tisa Gérard alilala, akaweka simu sikioni, akaanza. Godelive alikata kumi na sita. La mwisho lilikuwa chini kidogo ya bega la kushoto. Aliweka kisu mezani. Alilishika tunda kwa kiganja kizima, akauliza polepole, "Shamba ni ya nani?" akaanza kulizungusha.

Simu ilianguka. Gérard alipiga ukelele uliosikika mpaka barabarani, kwa wauza mafuta. "Ya Edmond," alisema, na safari hii kila herufi ilikuwa na damu yake. Tunda lilitoka na kipande cha ngozi. Kwenye jeraha Godelive alimwaga maji ya chumvi, akamfunga kitambaa safi. Alikuwa ametulia kabisa.

Wiki iliyofuata mgongo ulizaa kumi na sita, na Godelive akayakata yote kwa kisu. Chini ya bega la kushoto palikuwa na kovu laini, bila ua wala jani.

Solange alilitazama kovu, akaelewa haraka. Alimvuta Godelive jikoni. "Mama, hapana fanya ile tena. Ile bintu njo preuve yetu, ushuhuda yetu. Ukizimaliza, tutaonyesha nini? Na alama ya papa Edmond itapotelea wapi?"

"Mulishaonyesha," alisema Godelive. "Balipokea."

Lakini maneno yalimkaa moyoni. Kaburi la Edmond lilikuwa mgongo ule, jingine hakuwa nalo, na mume wake alikuwa ameandika jina lake pale kwa njia aliyoweza. Kila moja atakalong'oa kwa mkono litakuwa limekwenda moja kwa moja. Alipiga hesabu akisugua mahindi. Siku likitoka la mwisho, Gérard atakuwa mtu mwenye mgongo safi na shamba la kakao, na yeye Godelive atakuwa hana hata pa kumshika. Akiyakata yote kwa kisu, yule mtu atakuja kila Ijumaa mpaka uzee, aseme kweli huku anaagiza magari. Alimaliza beseni zima akiwaza hilo, akamwaga maji, akaweka mahindi mapya.

Ijumaa iliyofuata Gérard aliingia bila simu. Alikuwa amekonda usoni. Alilala mwenyewe bila kuambiwa, akaweka shavu kwenye ubao.

"Rudisha shamba," alisema Godelive, "na nitatosha zote na kisu, bila maumivu, halafu hazitaota tena. Nitaapa mbele ya padri."

Fundi wa viatu aliacha kutafuna. Hata Solange aliinua kalamu. Gérard alifumba macho, na midomo ikawa inacheza bila sauti, na Godelive akaona kwamba haombi. Alikuwa anahesabu. Kumi na sita, moja la kung'olewa kila Ijumaa, ni miezi minne. Baada ya hapo, amani.

"Mama," alisema Gérard, kwa heshima, "nipatie kitambaa ya kuuma."

Godelive alimpa kitambaa cha jikoni, kilichokunjwa mara mbili. Alikata kumi na tano, na mara kumi na tano yule mtu akasema shamba ni la nani, ndani ya kitambaa, na watu wakarudi kwenye chakula chao. Likabaki moja, katikati ya mgongo, lenye mistari miwili na mmoja unaoikata. Alipitisha kidole gumba chake juu ya mistari hiyo. Kisha akaweka kisu chini, akalishika, akalizungusha polepole sana, kwa sababu matunda ya kung'oa yalikuwa machache.